Choose, pick, select, opt, decide au prefer? Ulinganisho kwa anayeandika Kiingereza akifikiri kwa Kiswahili

Msimu wa wanafunzi kujaza nafasi za vyuo na shule ukifika, saiba yetu hapa Kondele, Kisumu, hujaa watu wenye swali moja: hapa niandike "choose", "select" au "pick"? Kuna anayetaka barua ya kazi, kuna mzazi anayemjibu mwalimu kwa baruapepe, na kuna kijana wa boda anayetaka ujumbe wake kwa mteja mgeni usichekeshe. Kiswahili kimewapa neno moja, kuchagua, nalo linawatosha kuanzia mitumba ya Kibuye hadi kituo cha kupigia kura. Kiingereza kimeigawia kazi hiyo hiyo vitenzi sita, saba. Ukikosea kitenzi, maana huenda ikapita, lakini sentensi inachechemea.

Mimi hutaipu na kusahihisha barua za watu, na ushauri wangu ni kwamba usianze na maana. Kimaana maneno haya yanakaribiana mno, na kamusi itakuzungusha kutoka moja hadi jingine. Uliza mambo mawili: ni nani mwenye mamlaka ya kuchagua, na ni kitu gani kinafuata baada ya kitenzi? Ukishindwa kabisa kupata jibu, andika "choose". Haina makuu, haichukizi katika barua rasmi wala katika gumzo, na inapokea karibu kitu chochote baada yake. Taabu yake ni sura zake tatu, na hapo ndipo tutakaa kwanza.

Choose na sura zake

Kitenzi hiki hakifuati kanuni ya -ed. Kinakwenda "choose", "chose", "chosen", kwa mwendo wa "freeze", "froze", "frozen". Hakuna "choosed", hakuna "chosed", na "choosen" yenye o mbili haipo. Habari njema ni kwamba msemaji wa Kiswahili ana msaada mdomoni tayari, kwa sababu viambishi vyetu vya wakati vinakaribia kuoana na sura hizo:

Nachagua, nitachagua: "I choose", "I will choose".
Nilichagua: "I chose".
Nimechagua: "I have chosen".
Nilikuwa nimechagua: "I had chosen".
Ningechagua: "I would choose".
Ningalichagua: "I would have chosen".

Itazame -me-. Inapoingia, "chosen" huja nayo, na kabla yake lazima pawe na "have", "has" au "had". "I have choose" na "I have chose" ndizo ninazozifuta kuliko kosa jingine lolote la kitenzi hiki.

Lakini -me- hiyo hiyo inadanganya mahali pamoja. Kiswahili cha mazungumzo huku kwetu kinaruhusu "nimechagua jana" bila mtu kushtuka. Kiingereza hakiruhusu. Siku, saa au mwaka uliopita ukishatajwa, rudi kwenye -li-: "I chose it yesterday", "We chose her in 2022". "I have chosen" inakaa vizuri pale wakati haujatajwa na jambo lenyewe bado lina uzito sasa: "I have chosen Physics, so I need the textbook."

Kosa jingine linatoka kwa "did". Watu huona ni jambo lililopita, wakaandika "Did you chose?" na "I didn't chose". Hiyo "did" imeshabeba wakati uliopita peke yake, kitenzi kinachofuata kinarudi katika umbo lake la asili: "Did you choose?", "I didn't choose".

Kuhusu tahajia, o mbili hapa zinatamkwa "uu", kwa hiyo "choose" ni chuuz. "Chose" ni chouz, inalingana mwisho na "those" na "nose". "Chosen" ni chouzn. Mharibifu mkubwa ni "lose", ambayo ina o moja lakini inatamkwa luuz. Aliyeizoea huona ni haki kuandika "chose" akimaanisha sasa. Kisha inakuja "loose", yenye o mbili, nayo inaishia kwa sauti ya s. Usitafute mantiki, kariri. Kuna wakati hata wenyewe waliiandika vingine: Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inasema Baraza la Wawakilishi "shall chuse their Speaker". Tahajia hiyo ingetufaa sana sisi tunaosoma herufi kama zilivyo, ila ukiiandika leo kompyuta itakupigia mstari mwekundu.

Kuhusu kinachofuata, "choose" ina njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kitu moja kwa moja: "She chose Kisumu Girls." Ya pili ni "to" na kitenzi: "She chose to stay in Kisumu", yaani angeweza kuondoka lakini akabaki kwa kutaka. Ya tatu ni vihusishi. Vitu vikiwa viwili, "choose between Kisumu and Nakuru". Wengi huandika "between Kisumu or Nakuru" wakidhani "or" ndiyo ya Kiingereza cha kweli, ilhali Kiswahili chao kilikuwa sahihi tangu mwanzo: kati ya Kisumu na Nakuru. Ukiwa na orodha, tumia "from": "You can choose from these three colleges."

Kuchaguliwa moja, Kiingereza mbili

Hapa ndipo Kiswahili kinapotega mtu vibaya zaidi, na sijaona vitabu vya shule vikiligusa. Kuchagua katika kauli ya kutendewa ni kuchaguliwa. Kuchagua katika kauli ya kutendea ni kuchagulia, na ukiigeuza hiyo nayo iwe ya kutendewa, unapata kuchaguliwa tena. Kwa hiyo "nilichaguliwa" inaweza kuwa ni mimi niliyechaguliwa, au ni mimi niliyefanyiwa kazi ya kuchagua na mtu mwingine. Msikilizaji wetu hung'amua kutokana na neno linalofuata. Kiingereza hakimsaidii hivyo.

Kuna kijana wa Gredi ya 9 aliyeingia na nyanya yake, "Dani" kwa Kijaluo. Wanafunzi wa gredi hiyo huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi za Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mwalimu alitaka aya moja ya Kiingereza kueleza sababu za kila mmoja, na kijana alikuwa ameandika kwa mkono: "I was chosen Social Sciences by my grandmother."

Nikamgeukia nyanya. "Dani, ni wewe uliyemchagulia?"

"Nilimshauri tu, mwanangu. Kuchagua alichagua mwenyewe."

"Dani, si ulisema hesabu zitaniua?"

"Nilisema zitakutesa. Kuua sikusema."

Sasa tulikuwa na sentensi mbili za kulinganisha. "My grandmother chose Social Sciences for me": mamlaka yote ni ya Dani. "I chose Social Sciences on my grandmother's advice": mamlaka ni ya kijana, Dani ni mshauri. Zote mbili ni Kiingereza safi, lakini zinamweleza mwalimu mambo tofauti kabisa. Dani aliisikiliza ya pili ikifasiriwa, akasema hiyo ndiyo, akalipia karatasi.

Mtego huo huo uko katika "alinichagulia shati". Andika "She chose a shirt for me", na hiyo "for me" usiiache nyuma. Ukiandika "She chose me" ukafunga sentensi, umesema alikuchagua wewe, na jamaa zako wataanza kuuliza mahari.

Choose au pick

"Pick" ni choose iliyovaa kandambili. Ni kuchagua kwa haraka, kwa kidole au kwa mkono, bila kikao. Uko Dunga ufukweni, samaki aina ya ngege na mbuta wamelala mbele yako, na muuzaji anataka kujua yupi aingie kwenye mafuta: "Pick one." Akisema "Choose one" pia ni sawa, ila hiyo ya pili inakupa nafasi ya kuwageuza, kuwatazama macho na kuuliza bei. Michezo na mazingaombwe hutumia "pick" kwa sababu hiyo: "Pick a number", "Pick a card".

Mkono hauondoki katika neno hili. "Pick tea" ni kuchuma chai, kama inavyofanyika kule Kericho na Nandi Hills. Na Kibuye siku ya Jumapili, bale la mitumba likifunguliwa, wanaowahi huchagua kamera, zile nguo safi za daraja la kwanza. Kwa Kiingereza ningesema "They picked out the best pieces": "pick out" ni kutoa kilicho bora kutoka kwenye lundo. Anayefika jioni "picks through what is left", anapekuapekua yaliyobaki. Ukiandika "choose" hapo hujakosea, lakini mikono na lile lundo vimetoweka.

Kwenye barua ya kazi, acha "pick" kabisa. "I picked your company" inasikika kama ulifumba macho ukaweka kidole kwenye orodha.

Halafu kuna "pick" yetu ya Kenya. "Nipick hapo Kondele", "Pick me at the stage", "He is not picking my calls": Wakenya wote tunaelewana, na katika ujumbe wa WhatsApp kati yetu sioni sababu ya kumsumbua mtu. Lakini ukimwandikia mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu, ongeza "up": "I will pick you up at the airport." Bila "up", "pick you" kwake ni kukuchagua wewe miongoni mwa wengine. Na simu, mwambie "He is not answering my calls." Vivyo hivyo kwa kushusha: gari la watoto wa shule lililoandikwa "pick and drop" linafahamika Kisumu nzima, lakini katika barua ni "drop off".

Choose au select

"Select" inataka orodha, vigezo, na mara nyingi mtu au ofisi yenye mamlaka. Mfano bora tunao hapa hapa nchini. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini kila mzazi wa umri wangu anakumbuka "Form One selection". Mtoto na mzazi walichagua shule. Kisha wizara ikawachagua watoto, kwa alama na kwa nafasi zilizopo. Kiswahili kinasema kuchagua pande zote mbili, Kiingereza kinatenganisha: "We chose Maseno, but he was selected to join another school." Jaribu kuigeuza: "We selected Maseno." Kisarufi haina kosa, ila mzazi amejifanya kamati.

Katika barua za maombi, basi, mamlaka yaonekane yalipo. Wewe "choose to apply", wao "select candidates". Na kati ya hizo mbili kuna hatua inayosahaulika. Matangazo mengi ya kazi Kenya huishia kwa "Only shortlisted candidates will be contacted". Ukiitwa kwenye usaili, sema "I was shortlisted", au "I was selected for an interview". Ukiandika "I was selected" ukanyamaza hapo, msomaji ataelewa kwamba ulipata kazi, na atataka kujua kwa nini unaomba nyingine.

Vyuo navyo vina neno lao. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ina P ya Placement katika jina lake, na hiyo P ndiyo jibu. Mwanafunzi "chooses" kozi. KUCCPS "places" mwanafunzi. "Nilichaguliwa Chuo Kikuu cha Maseno" andika "I was placed at Maseno University", au "admitted to" kama umeshapata barua ya chuo. "I was chosen by Maseno" ina sauti ya mtu aliyepokea wito.

Kwenye skrini za simu na kompyuta "Select" imejaa kila mahali: chagua kaunti, chagua mwaka wa kuzaliwa. Ni sawa, orodha iko pale tayari na mashine haina hisia. Usiibebe lugha hiyo hadi hotelini. "I selected the chapati" itamfanya mwenye kibanda akutazame mara mbili.

Na kuna tofauti moja ya muundo iliyo wazi: mchaguaji mwenyewe akiwa ndiye kiima, "select" haipendi "to" na kitenzi. "I selected to study nursing" haifai. Rudi kwa "chose to study", au tumia hii inayofuata.

Opt

Kwa maoni yangu neno hili linatumika kupita kiasi maofisini, kwa sababu ufupi wake unaonekana wa kisomi. Linataka "for" kabla ya nomino, na "to" kabla ya kitenzi: "She opted for nursing", "She opted to study nursing". "She opted nursing" ni kosa. "Opt out" ni kujitoa.

Ndani yake mna harufu ya kitu kilichoachwa: "The flight was full, so we opted for the night bus." Hapo imekaa vizuri, kwa sababu ndege imetajwa na imeshindikana. Lakini mwambie mkuu wa chuo "I opted for your college", naye atajiuliza ni vyuo gani vilivyokukataa kabla hujafika kwake.

Choose au decide

Kuchagua na kuamua tunazitofautisha vizuri katika Kiswahili, hivyo mtu hutarajia shida iwe ndogo. Ndogo ni ya maana. Ya muundo ni kubwa. Nitatumia kumbukumbu za mkutano wa chama cha kuchangishana, kwa sababu kina mama wa vyama huniletea nyingi za kutaipu.

"Members chose her as treasurer." Walikuwepo watu kadhaa, akachaguliwa mmoja. "Members decided her as treasurer" haipo. "Decide" haimshiki mtu moja kwa moja namna hiyo.

"Members decided to raise the monthly contribution." Hapa hapakuwa na vitu vilivyopangwa mbele yao, palikuwa na shauri, likamalizwa. Ukiandika "Members chose to raise", unadokeza kwamba wangeweza kuacha na walijua hivyo. Mhazini anayelaumiwa na wanachama kwa ongezeko hilo anaweza kuipenda sana hiyo "chose".

"Members decided that the next meeting would be in Nakuru." Kauli nzima baada ya "that" ni mali ya "decide". "Chose that the next meeting" haiandikwi.

Ukitaka nomino baada ya "decide", mara nyingi unahitaji "on": "They decided on blue uniforms." Bila "on", kinachofuata kinapaswa kuwa mzozo au shindano lenyewe: korti "decides a case", na bao la dakika za mwisho "decides the match". Ndiyo maana "They decided blue uniforms" inamsumbua msomaji: sare haikuwa kesi.

Prefer, na ile kuliko

"Prefer" ni kupendelea. Ni jambo la moyoni, wala halihitaji tendo lolote. Mtu anaweza "prefer" mbuta miaka yote na leo "choose" omena kwa sababu ya mfuko. Kwa hiyo mlo wa jana ni "I chose omena". Mapenzi yako ya siku zote ni "I prefer mbuta".

Kosa letu hapa lina mzizi mmoja. Tunasema "napendelea chai kuliko kahawa", na kwa kuwa kuliko ni "than" karibu kila mahali pengine, kalamu inaandika "I prefer tea than coffee". Kwa kitenzi hiki kuliko ni "to": "I prefer tea to coffee". Vitenzi vikilinganishwa navyo vinafuata njia hiyo: "I prefer walking to taking a boda". Ukianza na "to" na kitenzi, basi linganisha kwa "rather than": "I would prefer to walk rather than take a boda." Hapo ndipo ile "than" iliyokuwa ikikuwasha inapata nafasi yake halali.

"I prefer more" nayo uifute. Ule uzito wa zaidi umo ndani ya neno tayari. Na r inaongezeka katika "preferred" kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya mwisho. "Offered" inabaki na r moja kwa kuwa mkazo uko mwanzoni.

Elect, nominate, appoint

Haya yapite haraka. "Elect" ni kwa kura. Wakenya walipopiga kura tarehe 9 Agosti 2022 walichagua viongozi wa viti sita kwa siku moja, kuanzia rais hadi MCA, mwakilishi wa wadi: wote hao ni "elected". Mawaziri hawamo. Kwa Katiba ya 2010, rais "nominates" mtu, Bunge la Taifa likimwidhinisha, rais "appoints". Kuteua kwetu kunabeba zote mbili, kwa hiyo tazama kwanza kama Bunge limeshapitisha jina ndipo uandike. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliyepatikana kwa watu kuitikia "sawa", hakuwa "elected". Alikuwa "chosen".

Sentensi moja, vitenzi vyote

Chukua binti mmoja na kozi ya uuguzi, uone mamlaka yanavyohama:

"She prefers nursing." Anaipenda; huenda hata hajaomba.
"She decided to study nursing." Amemaliza kujiuliza.
"She chose nursing." Kulikuwa na kozi nyingine, akachukua hii.
"She picked nursing." Vivyo hivyo, ila anasimuliwa na rafiki yake, au alikuwa na haraka.
"She opted for nursing." Kuna kitu alikiacha.
"She was selected for nursing." Uamuzi ulikuwa wa chuo.

Mwajiri akikuuliza kwa nini ulisomea uuguzi, nambari tatu ndiyo jibu langu. Nambari ya nne ina hatari, ya tano inaalika swali.

Choice

Nomino yake ni "choice", yenye c na i, wala si "choose" wala "chose". "I was given a choose" ni kosa la mara kwa mara. Kufanya chaguo ni "make a choice", kamwe si "do a choice". Kifungu cha 38 cha Katiba yetu kinaanza hivi: "Every citizen is free to make political choices", na ukikikariri hicho utakuwa umekariri kitenzi sahihi pamoja na haki yako. Kwenye fomu, shule unayoitaka zaidi ni "my first choice". Kwa hiari ni "by choice": "He lives alone by choice."

Inayosumbua ni "no choice but", yaani sikuwa na budi. Baada yake weka "to" na kitenzi kitupu, usiweke -ing: "The road at Ahero was flooded, so we had no choice but to turn back." Watu huandika "no choice but turning back", na mimi huifuta.